Kijaluba cha Fedha na Rupia ya Kisaka

Wauzao vitu vya kale wana desturi iliyozoeleka kiasi cha kutoulizwa tena. Wakipata kijisanduku cha fedha chenye nakshi, kilichotoka Unguja, Lamu au Mombasa, hukifungia kipande cha karatasi kilichoandikwa "sanduku la fedha, zama za ukoloni, Afrika Mashariki", kisha hutaja bei. Mnunuzi huondoka radhi. Amepata madini, amepata nakshi, na juu ya hayo amepata zama. Kwani katika biashara ile neno "ukoloni" si neno la huzuni wala la lawama, bali ni pambo jingine la kupandishia thamani.

Mfanyabiashara aweza kusamehewa. Kazi yake ni kuuza, na mwenye kuuza ana haki ya kusema machache. Asiyeweza kusamehewa ni msomi aichukuaye karatasi ile ile na kuifanya elimu. Maneno hayo hunakiliwa katika kabati za makumbusho, husemwa madarasani, na hutiwa katika tasnifu, kana kwamba kitu kimekwisha elezwa. Hakikuelezwa. Kimenyang'anywa jina lake, kimenyang'anywa fundi wake, na mtu ambaye jasho lake limo ndani ya madini yale amefichwa chini ya kifuniko.

Jina kwanza. Kiswahili si lugha maskini ya majina ya vyombo. Sanduku ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo ni kubwa mno kwa kitu kienezwacho katika kiganja. Kasha na bweta ni mabaki ya Wareno, ambao waling'olewa katika Ngome ya Mombasa mwaka 1698 lakini maneno yao hayakung'olewa. Tabakelo nayo ni yao: kidude cha kutilia tumbaku au ugoro. Kisha kuna kijaluba, kikasha kidogo cha madini, cha kutilia vitu vya kutafuna. Aliyekuwa na kijaluba alikuwa na popoo, chokaa, katu na tumbaku, na tambuu mbichi haikuwa mbali. Na zaidi ya hayo alikuwa na mgeni wa kumkaribisha, maana uraibu haukuwa starehe ya mtu peke yake. Kifuniko kilifunguliwa kabla ya maneno mazito kusemwa, ikiwa ni posa au ikiwa ni suluhu. Kukiita kitu hicho "sanduku" ni sawa na kuuita msahafu "karatasi zilizoshonwa". Si uongo, lakini msemaji amejivua wajibu wa kujua.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo madogo, na kwamba jina halimwongezei mtu maarifa. Watu hao hao wakishika kijisanduku cha fedha kilichofuliwa Uingereza hawatosheki na "Ulaya, zama za Malkia". Hukigeuza chini wakatafuta chapa. Simba atembeaye huwaambia kuwa fedha safi ni sehemu 925 katika kila 1000. Nanga huwaambia Birmingham, kichwa cha chui huwaambia London. Herufi moja huwaambia mwaka, na herufi nyingine huwaambia karakana ya nani. Chapa hizo hazikuwekwa kumtukuza fundi. Ziliwekwa na sheria ili mnunuzi asipunjwe. Walakini matokeo yake ni kwamba fundi wa Kiingereza aliyekufa bila mali wala sifa bado anaitwa kwa jina na watu wasiomjua, na mwenzake wa Lamu aliyefua kwa ustadi ule ule hana hata mwaka.

Sir Edward Twining, aliyekuwa Gavana wa Tanganyika tangu mwaka 1949 hata mwaka 1958, alikuwa mjuzi mkubwa wa mambo ya namna hii. Mwaka 1960 alichapisha kitabu kinene juu ya historia ya mataji na vito vya wafalme wa Ulaya, kazi ya bidii na ya heshima. Ni huyu huyu aliyekwenda Bremen mwaka 1953, akatazama mafuvu yaliyokuwa katika makumbusho ya mji ule, akachagua moja kuwa ndilo la Mkwawa, nalo likarudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Yafaa ashukuriwe kwa kulirudisha. Lakini msomaji na atazame namna elimu ilivyogawanywa katika maisha ya mtu mmoja: kito cha mfalme wa Ulaya kilikuwa na nasaba ya kuandikiwa kitabu, na kichwa cha mtawala wa Wahehe kilikuwa cha kukisiwa miongoni mwa vichwa vingi. Karatasi ya kijaluba ni mtoto wa mgawanyo huo, ijapokuwa ni mtoto mdogo asiyetisha.

Na fundi je? Pwani aliitwa mfua fedha, au sonara. Na neno sonara lenyewe lilivuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na wenye kazi hiyo. Nchi ya Kutch, iliyoko magharibi ya Bara Hindi, ndiyo iliyotoa nyumba ya Jairam Sewji, waliokodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi, na ndiyo iliyomtoa Taria Topan, tajiri aliyejulikana katika enzi ya Seyyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata mwaka 1888. Nchi hiyo hiyo ilikuwa na mafundi wa fedha ambao sifa yao ilifika Ulaya. Mmoja wao, Oomersi Mawji wa mji wa Bhuj, aligonga chapa ya herufi za jina lake na jina la mji wake, kwa hiyo kazi yake haipotei. Mtu akiona chombo kilichojaa majani na maua yaliyosokotana pasipo kuacha nafasi tupu, na ndani ya majani mna wanyama na wawindaji, afikiri Kutch kabla hajafikiri Unguja. Muuzaji asemaye "Afrika Mashariki" kwa sababu tu kitu kilinunuliwa katika Mji Mkongwe hamtendei haki fundi wa Bhuj, wala hamtendei haki fundi wa Lamu, ambaye mkono wake ulikuwa mwingine. Lamu walijua pia kuchukua kipande cha sahani ya Kichina iliyovunjika, wakakisugua na kukivika fedha kikawa pete. Ustadi huo hauhitaji kusaidiwa kwa sifa za kuazima.

Kazi yenyewe yastahili kuelezwa, maana wengi huisifu nakshi bila kujua ilivyopatikana. Fedha huyeyushwa, humiminwa katika kalibu, hutoka kipande kinene kama kidole. Kipande hicho hufuliwa juu ya fuawe, kikapashwa moto tena kila kinapokuwa kigumu, maana fedha ikipigwa sana bila kupashwa hupasuka. Kikiwa bamba, hulazwa juu ya lami iliyolainishwa, na fundi huanza kugonga kwa vyuma vidogo visivyo na makali. Lami hukubali kusukumwa, hivyo jani huinuka upande wa pili. Kisha bamba hugeuzwa, likagongwa kwa mbele ili mishipa ya jani ionekane. Hakuna kinachochongwa wala kuondolewa katika kazi hiyo. Madini yote yaliyoingia hubaki, yamehamishwa tu kutoka mahali hata mahali. Mwisho ni lehemu, bawaba, na kifuniko kinachofunga kwa mlio mdogo. Mwenye kitu aliweza kukipima kwenye mizani siku ile ile na kujua kama alichopewa ni sawa na alichotoa.

Alitoa nini? Hapa ndipo karatasi ya muuzaji inapokuwa bubu kabisa. Pwani haikuwa na mgodi wa fedha. Fundi alifua sarafu. Mteja alikuja na riale za Maria Theresa, zilizoandikwa mwaka 1780 hata kama ziligongwa miaka mia baadaye, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 28 na sehemu 833 za fedha safi katika 1000. Au alikuja na rupia. Ndiyo sababu Kiswahili hakikuona haja ya kutenga neno la madini na neno la mali. Fedha ni fedha. Bweta zuri la nyumbani lilikuwa akiba iliyovaa nguo, na siku ya shida lilirudi kwa sonara likawa rupia tena.

Mwenye kufuata rupia hatabaki pwani. Atapanda bara, na miongoni mwa mahali atakapofika ni Kisaka, katika wilaya ya Serengeti ya leo, mkoa wa Mara, nchi ya Wangoreme, jirani na ndugu wa Wakuria wa Tarime. Msomi wa vitu vya kale atashangaa. Atauliza Kisaka ina nini na kijaluba. Katika sehemu nyingi za bara mzee aliweka ugoro wake katika pembe au kibuyu kidogo, na mali ilikuwa ng'ombe. Hapakuwa na sonara, hapakuwa na tambuu, na hapakuwa na mtu wa kufua majani ya Kutch. Hoja hiyo ina sura ya kweli, na wengi hutosheka nayo: mambo ya fedha ni ya pwani, mambo ya ng'ombe ni ya bara, na kila msomi abaki katika shamba lake.

Lakini fedha ilifika Kisaka. Ilifika ikiwa na uso wa Kaisari Wilhelm wa Pili upande mmoja, na upande wa pili, katika sarafu za Kampuni ya Kijerumani zilizoanza kugongwa mwaka 1890, simba chini ya mnazi. Rupia hiyo ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na sehemu 917 katika 1000 zilikuwa fedha safi. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, na kiwango cha nyumba ya shamba kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Miaka ya mwanzo mtu aliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, na katika nchi za mbali mkono wa kodi ulikawia. Ila kusudi la kodi, kama wenyewe walivyokiri bila haya, halikuwa mapato peke yake, bali kumlazimisha mtu aitafute sarafu. Walipojenga ngome Ikoma na boma Shirati, umbali haukuwa kinga tena. Na kodi iliwakuta watu gani? Iliwakuta watu waliokwisha pigwa na sotoka ya miaka ya 1890, iliyofagia mifugo ya Afrika Mashariki, ikafuatwa na njaa. Mfugaji aliyebakiwa na ng'ombe wachache alitakiwa apeleke ng'ombe sokoni ili apate duara la fedha, alichukue duara hilo bomani, alitoe, arudi mikono mitupu.

Hesabu yake si ngumu. Nyumba 10 zilitoa rupia 30 kwa mwaka, nazo zina uzito wa gramu 350 kasoro kidogo. Uzito huo watosha kufulia bweta la sigara la kuweka juu ya meza ya bwana mkubwa. Hakuna asemaye kuwa bweta fulani lilifuliwa kwa rupia za Kisaka. Fedha ikiyeyushwa haina kumbukumbu, na hiyo ndiyo inayompendeza muuzaji. Lakini madini yaliyotembea katika nchi, yaliyofanya nyumba za pwani na za Ulaya zing'ae, yalikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa pia na watu ambao hawakupata kuona kijaluba kikifunguliwa. Neno moja la kila siku lashuhudia. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia katika heller 100. Kaisari amekwenda, rupia imekwenda, na Kisaka, kama nchi nzima, watu bado wanaomba na kudaiana hela.

Waingereza walipokuja walibadili sarafu, na hapa kuna jambo ambalo vitabu vya makumbusho hulipita mbio. Florini ya Afrika Mashariki ya mwaka 1920 ilikuwa na nusu ya fedha. Shilingi iliyoifuata mwaka 1921 ilikuwa na robo tu. Mwaka 1948 shilingi ilitoka bila fedha kabisa, ikiwa ni shaba na nikeli. Haki isemwe: nchini Uingereza kwenyewe sarafu zilishushwa hata nusu mwaka 1920 na kuachwa bila fedha mwaka 1947. Lakini kwao nusu ilidumu miaka 27, na huku nusu haikudumu miaka 2. Mtu wa Mara aliyelipa kodi ya nyumba na ya kichwa iliyoamriwa mwaka 1922, na Mkuria aliyerudi kutoka vita vya pili akiwa na mshahara wa askari wa King's African Rifles, walishika robo ya fedha na kuambiwa kuwa ni shilingi kamili. Wakati ule ule, mabweta ya mezani yaliyoletwa kutoka Birmingham yalikuwa na simba wake, 925 katika 1000, kama kawaida. Chombo cha anasa kilihifadhiwa usafi wake kwa sheria. Sarafu ya mlipa kodi ilipunguzwa kwa sheria. Mtu asemaye "zama za ukoloni" na asiseme hilo, hakusema kitu.

Upande wa pili wamesimama wengine, nao aghalabu ni vijana wenye moyo safi na haraka nyingi. Hao husema kitu cha zama zile ni uchafu, kiuzwe au kiyeyushwe, na fikra ishughulike na mambo ya watu. Hasira yao inaeleweka, ila inamfaa yule yule wanayemchukia. Kijaluba kikiyeyushwa, ushahidi umekwisha, na kikiuzwa nje, karatasi ya muuzaji ndiyo itakayokuwa historia yake. Tena wajue kuwa ukoloni wa Ulaya si mwanzo wa jasho lililomo katika fedha ya pwani. Riale za enzi ya Barghash zilitokana kwa sehemu kubwa na karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika kisiwa hicho hata mwaka 1897. Anayeisifu nakshi ya pwani kama kwamba ilichanua katika bustani isiyo na mtumwa hana tofauti na anayeusifu ukoloni kwa sababu ya mabweta yake. Mkono wa fundi ni mzuri. Madini aliyopewa ni shauri jingine, na mambo hayo mawili yaweza kusemwa kwa pumzi moja.

Serikali nazo hazikukiona kijaluba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayohusu Tanzania Bara, iliutaja waziwazi mlango uliochongwa kabla ya mwaka 1940, na jambo hilo lilikuwa la busara, maana milango ilikuwa ikibebwa na meli. Kijaluba hakikutajwa kwa jina. Nacho hakihitaji meli, kinatosha mfukoni. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 vyombo vya nyumba nyingi viliuzwa kwa shida au vilikwenda na wenyewe uhamishoni, na kila mkono uliovipokea ulisahau neno moja au mawili. Siku hizi madai ya vitu vilivyochukuliwa yanasikilizwa zaidi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea kwa yaliyotendwa katika vita vya Majimaji, na maelfu ya vitu kutoka Tanzania vilivyomo Berlin vinazungumzwa. Kijaluba hakimo katika mazungumzo hayo kwa sababu kilinunuliwa. Lakini kununua ni swali, si jibu: kilinunuliwa mwaka gani, kwa nani, kwa shida gani, na kwa fedha ya namna gani.

Kazi ya kuuliza hivyo yaweza kufanywa na idara ya Kiswahili kuliko idara yoyote, kwa kuwa ushahidi mwingi umo katika maneno. Wanafunzi hutumwa kila mwaka kukusanya methali, na methali zimekwisha kusanywa mara nyingi hata zimechoka. Watumwe kwa masonara waliobaki Lamu, Mombasa na Unguja, waandike fuawe na kalibu, lehemu na njumu, na majina ya vyuma vya kugongea ambayo kamusi hazina. Watumwe pia Kisaka na Tarime, waulize wazee Kingoreme na Kikuria viliiitaje rupia ilipofika, ng'ombe mmoja alikwenda kwa rupia ngapi, na shilingi ya robo fedha ilisemwaje. Daftari hizo mbili zikiwekwa meza moja, karatasi ya kabatini itakuwa na la kusema. Itasema kijaluba, itasema kazi ya Kutch au ya Lamu, itasema uzito wake, na kwamba ni sawa na rupia kadha wa kadha, na itasema nyumba ngapi za shamba zilitozwa kiasi hicho kwa mwaka.

Asidhani mtu kuwa ukamilifu wa namna hiyo hauwezekani. Ng'ambo ya mto Mara, wilayani Tarime, mgodi wa Nyamongo umekuwa ukitoa dhahabu tangu mwaka 2002, na tofali litokalo humo, kabla ya kusafishwa, huwa na dhahabu na fedha pamoja. Haliondoki mpaka lipimwe na kuandikiwa uzito wake, kiasi cha dhahabu na kiasi cha fedha, mahali lilikotoka na mahali linakokwenda.